Sura ya Tano: Mdogo Wake Biff

Mwishoni mwa miaka ya 1940 reli ilikuwa inakatiza miombo kutoka Kaliua kuja Mpanda, ikifuata madini ya risasi ya Mukwamba. Ilifika mwaka 1950. Mgodi ulichimbwa kwa takriban miaka kumi, ukafungwa, wazungu wa kampuni wakaondoka. Reli ikabaki, na Mpanda ikaendelea kuwa mahali ambapo treni ya Tabora inaishia. Reli hiyo ikiwa bado inajengwa, tarehe 10 Februari 1949, watazamaji wa New York waliingia katika ukumbi wa Morosco kuona tamthilia mpya ya Arthur Miller, Death of a Salesman. Ndani ya tamthilia hiyo kuna baba, Willy Loman, wakala wa mauzo anayezunguka na mabegi yake ya sampuli. Anapotaka wanawe wawili waone jinsi mtu anavyojinasua katika maisha ya kubahatisha, anawasimulia habari za Afrika.

Mwenye hadithi hiyo ni Ben, kaka yake baba. Ben alikwisha kufa mchezo unapoanza, lakini kichwani mwa Willy Loman bado yu hai. Huingia na kutoka, saa mkononi, kila mara ana safari ya kuwahi. Alikuwa anakwenda Alaska kumtafuta baba yao, jiografia ikamchanganya, akajikuta Afrika. Hupenda kusema kwamba aliingia porini akiwa na umri wa miaka 17, akatoka akiwa na 21, na alipotoka alikuwa tajiri. Almasi ndizo zilizomtajirisha. Kuhusu miaka minne iliyo katikati hasemi lolote, na Willy akiuliza alifanyaje hapati jibu.

Msomaji wa Mpanda atauliza tena. Anayeamka asubuhi kwenye machimbo ya dhahabu ya Dirifu au Ibindi na kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anajua kwamba pori halimpi mtu kitu kwa kuliingia tu. Kuna anayefadhili chakula na dizeli kabla jiwe halijapanda. Kuna mwenye leseni, mwenye duara na mwenye karasha, na kila mmoja ana fungu lake. Kuna mwamba unaosagwa siku nzima na kutoa punje za kuwekwa kwenye mzani mdogo wa dalali, na kuna zebaki, ambayo wengi bado huishika kwa mikono mitupu. Hata John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, hakuwa Ben. Alikuwa mwanajiolojia mwenye shahada ya udaktari, na alitafuta kwa miaka mingi, mfuko ukiwa karibu mtupu, kabla ya kulipata jiwe lake. Mtu aliyesimuliwa utajiri bila miaka yake ya katikati amepewa hadithi yenye sumu. Kwenye jukwaa la Miller vijana wawili wameketi wakiisikiliza sumu hiyo, na baba yao anafurahi kuona wanasikiliza.

Mkubwa ni Biff, mdogo ni Happy. Kwa zaidi ya miaka 70 wahakiki, walimu na waigizaji wamemwendea Biff, na ni rahisi kuona sababu. Biff ndiye aliyependwa, akaanguka, akarudi, na mwishoni akasema ukweli. Arthur Kennedy, aliyemwigiza mwaka 1949, alipata tuzo ya Tony. Happy huonwa kama mhusika wa kujaza nafasi, kijana mpenda wanawake anayechekesha watu kidogo kabla ya mambo mazito. Nadhani huku ni kumsoma vibaya, na ni kusoma kunakorudia kosa lilelile analofanya baba yake ndani ya mchezo. Mrithi wa Willy Loman ni Happy. Ndoto ya baba, uongo wake, upweke wake, hata maneno yake, vyote vimemwangukia mtoto ambaye baba hakuwahi kumkusudia.

Miller anaonyesha jambo hili mapema, kwa tukio dogo sana. Tunarudishwa nyuma, watoto wangali wavulana, baba ametoka safarini. Mazungumzo yote ni ya Biff: mpira wa Biff, mechi ya Biff, mustakabali wa Biff. Happy analala chali, anapiga miguu hewani kama anayeendesha baiskeli, na kumwuliza baba kama ameona kwamba amepungua uzito. Baba anamjibu kwamba kuruka kamba nako kunasaidia, kisha anamgeukia Biff. Baadaye Happy anauliza tena, na safari hii hapati hata kamba. Mtoto huyo hakupigwa wala hakunyimwa chakula, na hakuna jirani ambaye angeitwa kusuluhisha. Alinyimwa jicho tu.

Miaka mingi baadaye tunamkuta akiwa mtu mzima wa miaka 32, mrefu, mwenye nguvu, ana nyumba ya kupanga, gari na wasichana, na anakiri gizani kwa kaka yake kwamba yuko mpweke. Bado anauliza swali lile. Siku hizi anatangaza kwamba anaoa. Anamwambia mama yake anaoa, na mama anamwambia alale. Hakuna mchumba. Tangazo hilo ni kule kupiga miguu hewani, sasa likiwa limevaa suti.

Katika hadithi zetu mtoto mdogo ana heshima yake. Edward Steere aliyekusanya ngano za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 alituhifadhia kisa cha Sultani Majinuni, ambamo wana wakubwa wanashindwa kulinda mtende wa baba, na mdogo wao, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni na mama, ndiye anayemkamata ndege na hatimaye kumuua nunda mla watu. Dharau inamjenga. Kwa kuwa hakuna anayemtarajia, ana uhuru wa kutazama, kujifunza na kujaribu. Wakristo wa Katavi, ambako misheni ya Karema imekuwepo tangu 1885, wana mdogo mwingine wanayemjua vizuri, mwana mpotevu wa Injili ya Luka. Huyo anachukua urithi, anauponda, analisha nguruwe, anarudi, na baba anamkimbilia njiani.

Miller amevivuruga visa vyote viwili. Kwake mpotevu anayerudi kutoka mbali ni mkubwa, na baba anamkimbilia kwa namna yake mbovu. Mdogo amebaki karibu na nyumbani, katika mji uleule, kwa ajira ya kudumu, na amepotea hapo hapo. Hakwenda nchi ya mbali hata arudi, kwa hiyo hana njia ya kukimbiliwa. Dharau nayo, ambayo ilimpa mkaa jikoni macho makali, kwa Happy imezaa njaa ya kutazamwa tu.

Tumtazame basi, kwa haki yake na kwa makosa yake. Anafanya kazi katika duka kubwa. Anajitambulisha kama msaidizi wa mnunuzi wa bidhaa, na kwa kweli ni mmoja wa wasaidizi wawili wa huyo msaidizi. Anasubiri bosi wa idara afe ili apande. Bosi huyo alijijengea jumba kubwa Long Island, akakaa miezi miwili, akaliuza, sasa anajenga jingine, na Happy anasema wazi kwamba hata yeye angefanya vivyo hivyo. Anajua kwamba kupanda huko hakumpi mtu raha, na bado anataka kupanda. Anajua kwamba angeweza kumshinda kwa ngumi au mbio mtu yeyote dukani, na anaumia kupokea amri kutoka kwa watu anaowaona wadogo. Kisasi chake ni kulala na wachumba wa wakubwa wake na kisha kuhudhuria harusi zao. Anapokea bahasha za wenye viwanda wanaotaka zabuni. Anajichukia kwa hayo yote, anasema hivyo mwenyewe, na kesho yake anaendelea.

Sitaki kumpunguzia hatia. Wanawake anaowatumia hawamo kwenye mchezo ili wajitetee, na mhakiki anayeona ujanja wa Happy kuwa wa kuchekesha amewasahau. Mama yake, Linda, hamuonei haya, anamwita mhuni mzurura na wanawake mbele ya kaka yake. Krismasi Happy alimpa mama yake dola 50. Kutengeneza mtambo wa maji ya moto nyumbani kuliigharimu familia dola 97 na nusu. Anapojigamba kwamba atamstaafisha mzee, Willy anamkumbusha mshahara wake wa dola 70 kwa wiki. Upungufu wa pesa ungesameheka. Ni wazi hata hivyo kwamba Happy anaahidi ili aonekane, na akishaonekana ameahidi, kwake kazi imekwisha.

Sehemu ninayoona haisomwi ipasavyo ni nafasi yake katika kifo cha baba. Usiku wa kwanza, nyumba ikiwa imechafuka kwa ugomvi, ni Happy anayebuni mpango: yeye na Biff waanzishe biashara ya vifaa vya michezo, waunde timu, wacheze maonyesho, jina la Loman litangazwe nchi nzima. Ugomvi unakatika papo hapo. Uso wa Willy unang'aa. Biff atakwenda asubuhi kumwona mwajiri wake wa zamani, Bill Oliver, kukopa mtaji. Hakuna hata mmoja wa wanaume hao watatu aliyeuliza kama Oliver anamkumbuka Biff, aliyekuwa karani wa kupakia mizigo tu. Kwa tumaini hilo Willy naye anakwenda kwa bosi wake kuomba kazi ya mjini, na kufikia jioni amefukuzwa, Biff ameachwa barazani siku nzima, na kila kitu kimevunjika. Anayetafuta mtu aliyewasha moto huo atamkuta Happy. Aliuwasha kwa nia njema. Alitaka usiku mmoja ambao baba na kaka wanakaa meza moja bila kugombana, naye akiwa ndiye aliyewapatanisha. Kosa lake ni kwamba anajua dawa moja tu ya maumivu ya nyumbani, nayo ni habari njema isiyo ya kweli.

Familia nyingi za Katavi zinaijua dawa hiyo. Mkoa huu, uliozaliwa rasmi mwaka 2012 kutoka Rukwa, ni wa wenyeji na wa watu waliosogea. Wapo Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, wapo Wafipa wa jirani, wapo Wasukuma waliofuata malisho na mashamba ya mpunga, na zipo familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na kupata makazi Katumba na Mishamo, ambazo nyingi baadaye zilipata uraia. Penye watu waliosogea, hadithi ya aliyetangulia huwa kipimo cha kila anayefuata. Kijana anayepigiwa simu na mama akiwa machimboni, akaulizwa mambo yanaendaje, hujibu kwamba karibu tutaukuta mkanda wa dhahabu, hata kama duara limejaa maji na posho imekatika. Anasema hivyo kumlinda mama, na kulilinda jina lake mbele ya kaka aliyenunua ng'ombe au kujenga nyumba ya bati. Simu ikikatwa, nyumbani wanaanza kupanga kwa pesa ambazo hazipo. Sisemi kwamba kila kijana wa hivyo ni Happy. Nasema kwamba anayeujua uzito wa simu hiyo ana ufunguo wa Happy ambao wahakiki wengi wa New York hawakuwa nao.

Kisha inafika ile jioni ya mgahawani. Wana wamemwalika baba chakula. Happy amewahi, ameshamwona msichana, na kwa dakika chache ameshamweleza kwamba yeye anauza shampeni, kwamba alisoma chuo cha kijeshi cha West Point, na kwamba kaka yake ni mchezaji wa New York Giants. Biff anafika na ukweli: Oliver hakumtambua. Anataka kumweleza baba. Happy anamsihi asiseme. Anamshauri adai kwamba amepewa miadi kesho, kisha kesho atoke nyumbani, arudi usiku na kusema Oliver anafikiria, na siku zipite hivyo mpaka jambo lenyewe lififie. Nimeusoma ushauri huo mara nyingi na kila mara unanitisha kwa upole wake. Ni sera kamili ya maisha. Hivyo ndivyo nyumba ya Loman ilivyoishi kwa miaka yote, na mdogo ameishika kanuni yake vizuri kuliko mwenye nyumba.

Willy anafika akiwa amefukuzwa kazi na hawezi tena kudanganywa. Akili inamtoka, anaanza kuzungumza na watu wa zamani, anaenda chooni. Biff anashindwa kuvumilia, anatoka nje karibu alie. Happy anabaki na wasichana wawili. Mmoja anauliza kama asimwambie baba yake kwamba wanaondoka. Happy anajibu kwamba yule si baba yake, ni mtu tu, na anaondoka nao.

Kila mtazamaji hushtuka hapo, na ni haki yake. Lakini mshtuko usituzuie kuona mahali kauli hiyo ilipochipuka. Kwa miaka 30 baba alimtazama Happy kama mtu tu, kijana aliyekuwa hapo pembeni wakati habari kubwa zikiendelea. Usiku huo deni linarudishwa, na anayelirudisha hajui kwamba analirudisha, kwa sababu angejua angelia, na Happy halii. Kinachobaki juu ya mabega yake, ambacho malezi hayakifuti, ni kwamba mzee aliachwa chooni na wageni wakamwinua. Stanley, mhudumu wa mgahawa, alimtendea Willy kwa heshima kuliko mwanawe.

Miller alikuwa na sababu za kuwajua watu hawa. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo wa mtu. Alizaliwa mwaka 1915, na kaka yake Kermit alimtangulia kwa miaka mitatu. Baba yao, Isidore, alikuwa na kiwanda cha makoti ya wanawake, na anguko la uchumi la 1929 likamfilisi. Kermit aliacha chuo ili amsaidie baba. Arthur, mdogo, alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan, akawa mwandishi. Mwaka 1968 aliandika The Price, kuhusu ndugu wawili wanaokutana kuuza samani za baba aliyefilisika, mmoja aliyebaki kumhudumia na mwingine aliyekwenda na kufanikiwa, na kwa hiyo naamini swali la nani alibaki na nani aliondoka halikumwacha. Kwa Willy alimchukua zaidi mjomba wake, Manny Newman, wakala wa mauzo mwenye wana wawili, aliyekuwa akiwashindanisha wanawe na Arthur. Katika kumbukumbu zake, Timebends, za mwaka 1987, Miller anaeleza jinsi alivyomtafuta mmoja wa wana hao baada ya mjomba kufa na kumwuliza baba yake alikuwa anataka nini hasa. Jibu lilikuwa kwamba alitaka biashara kwa ajili ya wanawe. Ukilisikia jibu hilo ndipo unapoelewa kwa nini mpango wa vifaa vya michezo unamwasha Willy vile. Happy, bila kujua, alikuwa amegusa hasa kitu alichokitaka mzee.

Usiku wa mwisho Biff anavunja kila kitu. Anasema kwamba katika nyumba hiyo hawajawahi kusema ukweli hata kwa dakika kumi. Happy anapinga, anadai siku zote walisema ukweli, na Biff anamwanika kwa cheo chake halisi. Biff anamwangukia baba akilia, na Willy anagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba mwanawe anampenda. Ni kilele cha mchezo. Ukumbi mzima unamtazama Biff, baba anamtazama Biff. Hapo hapo Happy anatangaza tena kwamba anaoa, kwamba atabadilika, kwamba kabla mwaka haujaisha ataiongoza idara. Baba hamjibu. Ni mama anayempoza, akiwaita wote wawili wana wema na kuwataka waishi kama watu wema. Baada ya muda mfupi Willy anaondoka na gari kwenda kujiua, ili bima ya dola 20,000 imwendee Biff. Hata kifo cha baba, kwa hesabu ya baba mwenyewe, kina mrithi mmoja.

Makaburini Biff anasema kwamba mzee alikuwa na ndoto zisizo sahihi na hakujijua alikuwa nani. Charley, jirani, anamtetea. Happy anakasirika. Anaapa kwamba baba hakufa bure, kwamba ndoto yake ilikuwa nzuri, ndoto pekee inayostahili mtu, kuwa wa kwanza, na kwamba yeye atabaki hapo mjini na kuishinda kwa niaba yake. Biff anamtazama bila tumaini na kumgeukia mama.

Tamthilia hii imesafiri sana. Miller mwenyewe aliiongoza Beijing mwaka 1983, Ying Ruocheng akiwa Willy, na mwaka 2022 Wendell Pierce alimwigiza Willy huko Broadway katika familia ya Wamarekani Weusi. Kikundi cha Mpanda kikiamua kuipandisha jukwaani, ningeomba nafasi ya Happy apewe muigizaji bora waliye naye. Hotuba yake makaburini isifanywe ya kijinga, wala watazamaji wasipewe ruhusa ya kumcheka. Aiseme amesimama wima, kwa sauti ya mtu anayempenda marehemu. Kwa mara ya kwanza anazungumza kama mtoto wa kwanza: anautetea ukoo, anadai urithi, anaahidi kulibeba jina. Muigizaji amwamini Happy kabisa katika dakika hiyo, na aliyekaa mstari wa mbele, ambaye labda ana mdogo wake Ibindi, ataona mwenyewe ni kitu gani kinachorithiwa.